Kuisoma Sparingi ya Mwanagenzi

Katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, Philip Waruinge wa Kenya alishindwa katika nusu fainali ya uzani wa unyoya na Antonio Roldán, bondia wa nchi mwenyeji, akatoka na medali ya shaba. Roldán akaenda kuchukua dhahabu. Lakini kombe la Val Barker, ambalo lilitolewa kwa bondia aliyeonyesha ufundi mkubwa kuliko wote katika mashindano, halikwenda kwa Roldán, wala kwa George Foreman aliyetwaa dhahabu ya uzani wa juu. Lilikwenda kwa Waruinge. Walioamua waliweza kutenganisha mambo mawili ambayo mashabiki huyachanganya kila siku: nani kashinda, na nani anajua ngumi.

Katika uhakiki wa fasihi tumezoea kutenganisha maudhui na fani, yaani kinachosemwa na namna kinavyosemwa. Katika ngumi utengano huo hauhitajiki popote zaidi kuliko katika sparingi, yaani mapigano ya mazoezi, za kwanza za mwanagenzi. Pale hakuna majaji, hakuna pointi, hakuna medali. Hata hivyo hukumu inayotolewa pale ni nzito kuliko nyingi za ulingoni, kwa sababu kocha anaamua kama atampa kijana huyu miaka yake au atamwacha apotee taratibu nyuma ya begi la mazoezi. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Ni kweli, lakini asubuhi ile ile ina nyota nyingi, na nyingine hung'aa sana kisha zikazimika kabla jua halijapanda. Hoja yangu ni kwamba makocha wengi hutazama kisicho chenyewe: hutazama konde linalotoka, ilhali kipaji hujionyesha zaidi katika kile anachofanya kijana baada ya kupigwa.

Tuanze na wahusika, kwa kuwa sparingi ni majibizano, na huwezi kumsoma mmoja bila mwenzake. Mwanagenzi kwa kawaida hupandishwa ulingoni baada ya wiki au miezi ya kuruka kamba, kupiga begi na kupiga pedi. Huvalishwa kofia ya kinga, kilinda meno na glovu kubwa, mara nyingi za aunsi 16, kisha hupewa raundi mbili au tatu fupi. Mbele yake anawekwa nani? Akiwekewa bondia mkubwa aliyeagizwa kumpima, tutakachokiona ni mtu anayejiokoa, na kujiokoa hakutuambii mengi kuhusu ngumi. Akiwekewa mwanagenzi mwenzake, tutaona hofu mbili zikirushiana mikono huku videvu viko juu. Akiwekewa bondia mzoefu anayejua kuzuia nguvu zake, anayetumia jabu zaidi na kuacha nafasi kwa makusudi, hapo ndipo fani ya mwanagenzi inapata pa kujitokeza. Kijana yule yule mbele ya wenzi hawa watatu ataonekana kama vijana watatu tofauti. Kocha anayemhukumu bila kujiuliza ni nani aliyekuwa mbele yake anausoma mstari mmoja wa mazungumzo na kuufuta wa pili.

Sasa fani yenyewe, na tuanzie chini. Jicho la mtazamaji hukimbilia mikono, la kocha mzuri hukaa miguuni. Karibu kila mwanagenzi huvuka miguu anapozunguka, huisogeza ikakaribiana sana, au husimama kifua wazi mbele ya mpinzani kama anayesubiri kuhojiwa. Hayo ni makosa ya kawaida na yanafundishika kwa mstari wa chaki sakafuni na subira. Kinachofaa kutazamwa ni jambo jingine: je, miguu yake inajua umbali? Wapo vijana ambao, hata wakivuka miguu, hujikuta daima wamesimama nusu hatua nje ya mkono wa mwenzao, na wakitaka kupiga huingia hatua ile ile bila kufikiri. Wengine wana mkao mzuri wa kitabuni lakini hupiga hewa, kisha hupigwa wakiwa wamesimama pale pale. Wa kwanza ana kosa la umbo na usahihi wa hisia. Wa pili ana usahihi wa umbo, lakini hisia bado hana. Ukinilazimisha kuchagua, nitamchukua wa kwanza, kwa sababu mkao hufundishwa ndani ya miezi, na hisia ya umbali huchukua miaka pale inapokubali kuja.

Tupande kwenye macho. Kufumba macho konde linapokuja ni jambo la mwili, si la woga, na kila mtu huanza nalo. Swali ni kama kufumba huko kunapungua. Katika raundi ya kwanza kijana akifumba na kugeuza uso, asiandikiwe lolote baya. Katika raundi ya tatu, akiwa bado anageuza uso kabisa hadi anaonyesha kisogo, hilo liandikwe, si kama hukumu bali kama kazi ya kufanywa. Lakini ukiona kijana ambaye konde linampata huku macho yake yakilifuata glovu hadi linapogusa, simama karibu. Huyo anakusanya habari. Amelipia konde hilo kwa maumivu, na hataki yapotee bure.

Mikono hutuambia mambo mawili. La kwanza ni kurudi: jabu likishatoka, mkono unarudi wapi? Mwanagenzi huutupa mkono kisha huuacha ushuke kiunoni, naye mpinzani huipata njia ya wazi hadi shavuni. Hilo hurekebishwa kwa mazoezi ya marudio. La pili ni nadra zaidi, nalo ni wakati. Kuna vijana wanaopiga kwa sababu zamu yao imefika, na kuna wanaopiga kwa sababu wameona kitu. Huyu wa pili anaweza kurusha makonde manne tu katika raundi nzima, na mashabiki pembeni wakamwita mzito. Tazama hayo manne yametoka lini. Yakitoka pale mwenzake alipokuwa anaanza kupiga, au pale uzito wake ulipokuwa kwenye mguu mmoja, basi umeona kitu ambacho kocha hawezi kukipaka juu ya mtu kama mafuta.

Pumzi nayo ina maana yake. Mwanagenzi huishiwa nguvu dakika ya pili hata kama anakimbia kilomita nyingi kila alfajiri, kwa sababu amebana mabega na amezuia pumzi. Kocha asiseme hana stamina. Aseme hajajua kulegea. Anayelegea mapema, anayeshusha mabega katikati ya dhoruba bila kuambiwa, ameonyesha utulivu ambao mazoezi ya nguvu hayauleti.

Sasa tufike kwenye kiini, yaani zile sekunde chache zinazofuata konde zuri lililompata. Humo ndimo sparingi nzima imefungwa. Nimeona majibu ya aina nne. Kuna anayegeuka na kukimbia kwa miguu iliyovunjika mpangilio. Kuna anayeganda, macho wazi lakini hayaoni. Kuna anayelipiza kwa hasira, akarusha makonde kumi ya mfululizo bila shabaha, na hapa ndipo jimu nzima hushangilia na kusema huyu ana moyo. Kuna anayerudi kwenye umbo lake: kidevu kinashuka, mikono inapanda, miguu inajipanga, kisha ndipo anajibu au hajibu kabisa.

Jibu la tatu ndilo linalowadanganya wengi. Hasira ina sura ya ujasiri, lakini kifani ni kukata mazungumzo. Kijana aliyelipiza kwa upofu hajajibu konde lililompiga. Amejibu aibu yake. Ukimpiga konde lile lile dakika inayofuata, litampata tena mahali pale pale. Jibu la nne halina shangwe, na kocha mwenye haraka anaweza asilione kabisa.

Juu ya hayo manne kuna jambo la tano ambalo haliwezi kuonekana katika tukio moja, kwa sababu linahitaji marudio. Mwenzake alipiga jabu, akafuatishia mkono wa kulia, akampata. Kisha dakika moja baadaye akirudia mpango ule ule, nini kimebadilika? Labda safari hii amerudi nyuma kidogo. Labda ameinua mkono wa kushoto, akachelewa, akapigwa tena lakini kwa shida zaidi. Hata kushindwa kwa namna mpya ni habari njema. Katika hadithi, mhusika anayebaki vile vile mwanzo hadi mwisho tunamwita bapa. Anayebadilika kwa kukutana na matukio ndiye anayebeba hadithi. Kipaji cha ngumi katika siku za mwanzo ni hicho: raundi ya pili isifanane na ya kwanza.

Historia ya mchezo huu imetuachia visa vitatu vya makocha waliosoma wanagenzi kwa njia tofauti, na vikiwekwa pamoja vinafundisha zaidi kuliko kila kimoja peke yake.

Cha kwanza ni mashuhuri. Mwaka 1980, Bobby Stewart, mfanyakazi wa shule ya marekebisho katika jimbo la New York ambaye mwenyewe aliwahi kuwa bondia, alimpeleka mvulana wa miaka 13 aitwaye Mike Tyson kwa kocha mzee Cus D'Amato katika mji wa Catskill, kwenye jimu iliyokuwa juu ya kituo cha polisi. Mvulana alipigana raundi chache na Stewart, mtu mzima aliyejua kazi yake. Kwa simulizi za waliokuwepo, pua ya Tyson ilitoka damu, wakataka kusimamisha, naye akakataa, akaomba raundi iliyosalia. D'Amato akatamka kwamba huyu atakuwa bingwa wa dunia wa uzani wa juu. Tarehe 22 Novemba 1986, huko Las Vegas, Tyson alimwangusha Trevor Berbick katika raundi ya pili akiwa na miaka 20, akawa bingwa mdogo kuliko wote wa uzani huo. D'Amato alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha nguvu: mwili wa mtu mzima juu ya mtoto, makonde mazito. Lakini D'Amato hakuwa mgeni kwa nguvu. Alikuwa amekwisha kumfikisha Floyd Patterson kwenye ubingwa wa dunia mwaka 1956 na José Torres mwaka 1965, na fundisho lake kuu kwa vijana lilikuwa juu ya hofu: kwamba shujaa na mwoga huhisi kitu kimoja, wakatofautiana katika wanachofanya nacho. Kocha mwenye imani hiyo, mbele ya mtoto mwenye pua inayovuja anayeomba kuendelea, hasomi misuli. Anasoma kile kinachofuata baada ya konde. Nguvu ilimfanya asimame atazame. Naamini ni ombi lile lililompa hukumu.

Kisa cha pili kinapingana na cha kwanza, na ndiyo maana tunakihitaji. Mwaka 1954, mjini Louisville, mvulana wa miaka 12 aliyeibiwa baiskeli alikwenda kumlalamikia polisi Joe Martin, ambaye pia alifundisha ngumi. Mvulana huyo, Cassius Clay, ndiye baadaye aliyejulikana duniani kote kama Muhammad Ali. Martin alieleza baadaye kwamba siku zile za mwanzo Clay hakuonekana bora wala duni kuliko wavulana wengi waliopita mikononi mwake, na kwamba tofauti ilianza kuonekana baada ya muda, hasa kwa bidii isiyo ya kawaida. Nyota njema ilionekana, lakini si asubuhi ile ya kwanza. Kama Martin angekuwa mtu wa kuhukumu kwa siku moja, angekuwa na haki ya kusema: huyu wa kawaida.

Fani ya Clay inatufundisha pia kutochanganya uhakiki na ukaguzi wa kanuni. Aliposhika umbo lake, alishusha mikono na alikwepa kwa kuvuta kichwa nyuma, mambo mawili ambayo kila kocha humkataza mwanagenzi. Je, ni makosa? Inategemea yanafanya kazi gani. Mwanagenzi wa kawaida akivuta kichwa nyuma, macho yamefumba na miguu imekwama, kwa hiyo konde la pili linamkuta hana pa kwenda. Clay alivuta kichwa macho yakiwa juu ya glovu la mpinzani na miguu yake tayari inaondoka. Umbo ni moja, kazi ni mbili. Wala mtindo huo haukuwa bure: makonde ya kushoto ya kuzungusha ya Sonny Banks mwaka 1962, Henry Cooper mwaka 1963 na Joe Frazier mwaka 1971 yalimwangusha chini kwa kupita njia ile ile aliyoiacha wazi. Mhakiki mwadilifu huandika yote mawili, faida ya mtindo na bei yake. Kwa hiyo kocha akiona kosa, swali la kwanza lisiwe "nani kakufundisha hivi?" Liwe "linamsaidia nini, na litamgharimu nini akikutana na anayejua?"

Kisa cha tatu ni cha Rocky Marciano na kocha Charley Goldman. Marciano alipofika kwake New York mwaka 1948 alikuwa na miaka 24, umri ambao wengi wangeuona umepita. Alikuwa mfupi kwa bondia wa uzani wa juu, mikono yake mifupi zaidi, miguu imepanuka mno, na makonde yake ya kurusha kwa mbali. Ukimpima kwa kanuni, angefeli karibu kila mstari. Goldman aliona konde la kulia lenye uzito usio wa kawaida na mtu aliyekubali kufanya kazi kupita kiasi, kisha akafanya jambo la busara sana: hakujaribu kumfanya bondia mwingine. Alimfundisha kuinama zaidi, ili ufupi wake uwe shabaha ndogo, na kupiga akitokea chini. Septemba 1952 Marciano alimwangusha Jersey Joe Walcott katika raundi ya 13 akawa bingwa, na alistaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano 49 bila kushindwa hata moja.

Hapa mpinzani wa hoja yangu atasimama: basi nguvu ndiyo iliyomwokoa Marciano, na nguvu huonekana siku ya kwanza. Sikatai. Nguvu ya konde kwa kiasi kikubwa mtu huzaliwa nayo, na kocha asiyeiona ni kipofu. Ninachosema ni kwamba nguvu haihitaji jicho la kocha. Hata muuza maji aliyekaa mlangoni huiona. Na haikuwa nguvu peke yake iliyombeba Marciano dhidi ya Walcott. Alianguka chini raundi ya kwanza, akawa nyuma kwa pointi, na bado alikuwa anarudi raundi baada ya raundi hadi konde lake lilipopata nafasi. Nguvu ilimaliza pambano. Kurudi baada ya kupigwa ndiko kulikomfikisha raundi ya 13.

Visa hivi vitatu vinatofautiana katika muda. D'Amato alihukumu kwa siku moja, Martin kwa mwaka, Goldman alihukumu kisha akajenga upya. Havitofautiani katika jambo ambalo makocha hao walilitafuta. Wote walikuwa wanatafuta kijana anayeendelea kupokea: maumivu, maelekezo, kazi. Mwenye mwili mkubwa asiyepokea anakwisha pale mwili unapokutana na mwili mwingine kama wake. Na siku hiyo huja mapema kuliko anavyodhani.

Kutokana na hayo, kuna mazoea katika jimu zetu za Afrika Mashariki ambayo yanastahili kukosolewa waziwazi. Mazoea ya kwanza ni kumtupa mwanagenzi kwa bondia mwenye pambano karibu, ili mkubwa apate mazoezi na mdogo "apate uzoefu". Huko si kumpima kijana, ni kumtumia. Anachojifunza ni kuvumilia kupigwa kichwani, na ubongo hauna misuli ya kukomaa. Kila pigo zito linaloweza kuepukika liepukwe. Mazoea ya pili ni kumsifu mwanagenzi aliyemchakaza mwenzake dhaifu. Sifa hiyo humfundisha kutafuta wanyonge, na anapokutana na asiye mnyonge hana kitu mkononi. Mazoea ya tatu ni kauli ya mwisho: "Huyu si wa ngumi." Kauli hiyo hutolewa kwa wasichana haraka kuliko kwa wavulana, na hutolewa kwa wapole haraka kuliko kwa wenye makelele, ilhali upole ulingoni mara nyingi ni utulivu ambao haujapata lugha yake.

Dawa yake haina gharama. Kocha awe na daftari. Kwa kila mwanagenzi aandike sparingi tatu au nne, zenye wenzi tofauti, na asiandike nani kashinda. Aandike: alipigwa na nini mara ya kwanza? Alifanya nini mara baada ya hapo? Konde lile liliporudi, nini kilibadilika? Raundi ya mwisho ilifananaje na ya kwanza? Je, aliuliza swali aliposhuka ulingoni, na lilikuwa swali gani? Kijana anayeshuka akiuliza "nilionekanaje?" na anayeshuka akiuliza "ule mkono wa kulia ulipita wapi?" wanatoka kwenye pambano moja wakiwa wamesoma vitu viwili. Na mwenye swali la kwanza asihukumiwe bado; aulizwe la pili, aone kwamba lipo.

Hukumu yangu basi ni hii. Katika sparingi za mwanzo nguvu, ukubwa wa mwili na idadi ya makonde vina thamani, lakini ni thamani ya pili. Ya kwanza ni kurudi kwenye umbo baada ya kupigwa, na kubadilika kabla ya kupigwa tena kwa njia ile ile. Asiye na hayo siku ya kwanza apewe muda, kama alivyopewa mtoto wa Louisville. Aliye nayo, hata akishindwa kila raundi, asiachwe aende nyumbani bila kuambiwa arudi kesho. Makocha, kazi hiyo ni yenu, na hakuna mtu mwingine katika jimu anayeweza kuwafanyia.